Mwosha Maiti Hayumo Kitabuni

Katika riwaya zetu za pwani mwanamke wa Kiislamu ana vyumba viwili tu vya kukaa. Cha kwanza amefungiwa na baba au mume, pazia limeshushwa, ufunguo uko mfukoni mwa mwanamume. Cha pili ni cha baa, muziki unalia mpaka alfajiri na wanaume wanaingia na kutoka. Anatoka kile anaingia hiki, na safari hiyo ndiyo inayoitwa riwaya. Katikati ya vyumba hivyo pana mtaa mzima: msikiti, chuo cha Kurani, kisima, genge la mkaa, baraza za mbele ya nyumba, na wanawake wanaopita na vikapu vyao wakiwa na shughuli za watu. Mtaa huo waandishi wetu wanaupita mbio kama abiria anayewahi basi.

Wasomaji wenzangu msije mkadhani nimekuja kuvunja majumba ya wakubwa. Vitabu nitakavyovitaja hapa navipenda, na viwili kati yake nimevisoma mpaka jalada limeachana na kurasa. Mimi nimeishia kidato cha nne. Nadharia za uhakiki nazisikia kwa wenzangu waliopanda vyuoni. Nilichonacho ni riwaya yangu mwenyewe ambayo sura zake mbili ziko daftarini na ya tatu imenigomea, kwa hiyo nasoma kama fundi seremala anayechungulia mlango wa fundi mwenzake, nikitafuta msumari umepita wapi.

Tuanze na Utengano wa Said Ahmed Mohamed, kitabu kilichotoka mwaka 1980. Maksuudi ana mali na jina, nje anaheshimiwa, ndani ni dhalimu. Mkewe Bi Tamima na binti yake Maimuna hawajui barabara inafananaje. Maimuna anatoka kifungoni na kuangukia kwenye baa ya Mama Jeni. Mwandishi anawachukia watu wa aina ya Maksuudi na anatufanya na sisi tuwachukie, hilo halina ubishi. Lakini hebu mtazameni Bi Farashuu. Bi Farashuu ni mkunga. Jamani, mkunga! Mtu ambaye kila nyumba inamfungulia mlango usiku wa manane, anayejua nani kazaliwa na nani na kwa uchungu wa namna gani, ambaye nusu ya mtaa imepita mikononi mwake kabla haijafumbua macho. Mwandishi amempa nini mtu huyu? Kisasi. Bibi wa watu anakifuga kisasi chake miaka na miaka, na ukunga wake unakuwa mlango wa kupitia tu, kama wale majambazi wa sinema wanaovaa sare za mafundi umeme ili wapate kuingia benki.

Sisemi mkunga hawezi kuwa na kisasi. Cha Bi Farashuu kina sababu, na mimi mwenyewe nilikuwa upande wake. Ninachouliza ni hiki: baada ya kuzalisha wanawake wote hao, nguvu yake mtaani iko wapi? Mkunga ninayemjua mimi akikohoa tu wanawake kumi wanatoka nje kuuliza kulikoni. Mkunga akisema nyumba ile haina amani, nyumba hiyo inaanza kutazamwa. Silaha hiyo Maksuudi angeiogopa kuliko kisasi cha ajuza mmoja, na ndiyo silaha ambayo kitabu hakikuichukua mkononi. Shuleni tulifundishwa habari za wahusika bapa na wahusika duara. Bi Farashuu si bapa, ana hasira na ana historia. Ila amekatwa na mtaa wake, na mwanamke wa pwani ukimkata na mtaa wake umebaki na nusu yake.

Kitabu kilichokaribia zaidi ni Vuta n'kuvute cha Shafi Adam Shafi, cha mwaka 1999. Nilikiazima kwa binamu yangu aliyekuwa kidato cha sita akikikariri kwa ajili ya mtihani, masikini, mpaka akakichukia. Wengine mtakuwa mmeiona filamu yake ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji. Yasmin, binti mdogo wa Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza ambaye ni mtu mzima wa kumzaa. Anamkimbia. Anarudi Unguja, mjomba wake anamfukuza kwamba ameuaibisha ukoo. Nani anamfungulia mlango? Mwajuma wa Ng'ambo. Mwajuma hana cheo, hana mali, hana chama chochote nyuma yake. Anayo nyumba na anao moyo wa kumwambia mtu pita ndani.

Hapo niliposoma nilikaa kitako. Nikasema leo nimempata. Maana kitendo cha Mwajuma ndicho kile ambacho siku hizi kinaandikiwa miradi na kupewa majina marefu: nyumba salama, hifadhi ya waathirika, huduma ya kisaikolojia. Mwajuma alikifanya kwa kusogeza mkeka. Lakini subirini. Mara Denge anaingia na siasa zake za kumtoa Mwingereza, na macho ya kitabu yanamfuata Denge. Yasmin anampenda, polisi wanamwinda, mambo yanapamba moto, na Mwajuma anabaki kuwa shoga wa Yasmin, mcheshi, mpenda raha. Mimi nilitaka kujua mambo ya kijinga kabisa. Mchele wa mgeni yule ulitoka wapi? Majirani walisema nini siku ya tatu, siku ya kumi? Je, kuna mwanamke mtu mzima wa mtaa aliyekuja kumwuliza Mwajuma kwa nini anamweka mke wa mtu? Na Mwajuma akamjibu nini? Kumpa hifadhi msichana ambaye ukoo umemkataa ni siasa sawasawa na makaratasi ya Denge, tena ni siasa ambayo adui yake haji na sare, anakuja na sahani ya futari na maneno ya mafumbo.

Sasa kuna kundi jingine la maandishi ambalo nalo lazima nilitaje, ingawa haliuzwi madukani. Ni yale maigizo na vijitabu vya kampeni. Mnayajua. Gari linakuja, spika zinafungwa uwanjani, kikundi cha sanaa kinatuchezea habari za haki za mwanamke. Mwanamke wa Kiislamu katika maigizo haya hana jina la ukoo, ana baibui tu. Anapigwa, analia, anakutana na dada mwenye miwani aliyetoka semina, dada anamweleza haki zake kwa dakika tano, mume anatubu, wote wanaimba. Neno lake kuu ni kuwezesha. Na neno hili ukilipasua utaona lina watu wawili ndani: anayewezesha amesimama, anayewezeshwa amekaa kwenye mkeka. Eti kabla gari lile halijafika, mtaani pale palikuwa hapana aliyejua lolote.

Nitende haki hapa. Vyama vyenyewe si maigizo yake. TAMWA, chama cha waandishi wa habari wanawake, kipo tangu mwaka 1987, na kule Zanzibar wanasheria wanawake wana chama chao, ZAFELA, kinachotoa msaada wa sheria. Kuna wanawake waliopata matunzo ya watoto wao kwa sababu mtu wa namna hiyo alikubali kufuatilia jalada lililokuwa limelala. Kazi hiyo naiheshimu. Ugomvi wangu ni na sanaa inayosema kwamba ujasiri unaletwa na gari.

Maana historia yetu inasema vingine. Mwaka 1991 kilitoka kitabu kiitwacho Wanawake Watatu wa Kiswahili, kilichokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel. Humo wazee watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy, wanasimulia maisha yao kwa Kiswahili chao. Si riwaya. Hakuna aliyekaa kupanga taharuki wala kilele. Wazee wanaongea tu: utumwa na uungwana, ndoa, ngoma, mambo ya makungwi, vyama vya wanawake. Nawaambieni, niliposoma masimulizi ya namna hiyo nilijiona mjinga na sura zangu mbili. Humo ndimo ulimo ule mtaa uliorukwa. Wanawake wana vyeo na wanavigombania. Wanachanga fedha, wanapika kwenye harusi, wanasimama kwenye misiba, wanashindana.

Na walikuwa wakishindana kwelikweli. Katika Mombasa ya zamani vilikuwapo vyama viwili vikubwa vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, na upinzani wao haukuwa wa mchezo. Lelemama ilikuwa ngoma, ndiyo, lakini aliyeishia kuona ngoma hakuona kitu. Chini ya ngoma kulikuwa na orodha ya watu, kulikuwa na uongozi, kulikuwa na deni la heshima: mimi nimekuja kwako kwenye msiba, na wewe utakuja kwangu. Ukiwa kiongozi wa lelemama unajua kuita watu mia wakaja. Ni wanaume wangapi waliokuwa na wadhifa serikalini walioweza hivyo?

Dar es Salaam jambo hili lilizaa matunda ambayo nchi nzima iliyala. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha lelemama kilichoitwa Bomba. TANU ilipotaka wanawake mwaka 1955, hakwenda kutafuta wasomi. Wasomi wanawake wa Kiafrika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, tena wengi waliajiriwa na serikali ya Mwingereza na waliogopa. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na hao wakawaleta watu wao. Katika miezi michache ya mwaka huo huo wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekata kadi. Susan Geiger, aliyewahoji akina mama hao na kuandika kitabu juu yao mwaka 1997, ameonyesha wazi kwamba mtandao ule wa ngoma ndio uliofanya kazi. Walikuwa ni Waislamu wengi wao, wapika maandazi, wauza pombe za kienyeji wengine (ndiyo, hata hilo lilikuwapo, tusijifanye), walioachika, wajane, wenye shule kidogo au wasio nayo kabisa. Hakuna aliyewawezesha. Nyerere ndiye aliyewahitaji.

Hebu fikirini riwaya ya usiku ule wa kwanza. Si hotuba, hotuba tunazo tele. Nataka chumba chenye taa ya chemli na wanawake sita, viongozi wa vikundi ambavyo jana vilikuwa vinatukanana kwa nyimbo, na sasa mmoja wao anawaomba waingize majina yao kwenye daftari moja. Nani anakataa kukaa karibu na nani? Nani anauliza mume wangu je? Na kisha fikirini upande wa pili wa maisha yake. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000, na barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Makonda wanalitaja mara mia kwa siku. Kati ya gereza na kaburi kuna miaka ishirini na nane ya mwanamke anayeishi mjini ule ule na watu wale wale waliokata kadi kwa ajili yake. Walipokutana naye sokoni walimwambia nini? Mwanahistoria atanipa tarehe. Sauti ya salamu ile ni kazi ya mtunzi.

Nitasogea kwenye jambo jingine ambalo riwaya zetu zinalikosea zaidi, nalo ni suala la kusema. Katika vitabu mwanamke wa Kiislamu anavumilia. Anavumilia mpaka ukurasa wa mwisho, kisha anakufa au anakimbia. Susan Hirsch alikwenda kukaa katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, akasikiliza, na mwaka 1998 akatoa kitabu. Alichokikuta ni kwamba wanaofungua mashauri pale wengi ni wanawake, na wengi wao wanashinda. Soma tena: wengi wanashinda. Wanakwenda kudai matunzo, wanakwenda kudai talaka, na wanasimulia mbele ya karani na mbele ya kadhi yaliyowapata.

Lakini utamu wa jambo hili kwa mwandishi hauko kwenye ushindi. Uko kwenye tatizo la ulimi. Mwanamke mwenye heshima hatoi siri ya nyumba yake nje. Tangu utotoni ameambiwa hivyo. Na bila kuitoa siri hana kesi. Basi ataisema vipi? Atatumia neno gani kusema mume wangu haniingilii, au ananiingilia kwa nguvu, mbele ya mwanamume mwenye kilemba anayefanana na babu yake? Hapa Bara hatuna mahakama ya kadhi ya serikali, lakini tatizo ni lile lile, kwa sababu sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inataka ugomvi upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na huko nako kuna meza na wazee nyuma ya meza. Mwanamke hafiki pale peke yake. Kuna mtu amemfundisha. Kuna mama wa mtaani aliyewahi kupita njia hiyo, au mwalimu wake wa chuo, aliyemwambia: usianze na kipigo, anza na miezi sita ya kutopewa matumizi, hiyo ndiyo watakayoiandika, kipigo utakisema wakikuuliza, na cheti chako cha ndoa kiweke kwenye bahasha, usikikunje. Mama huyo ndiye wakili wa mtaa. Katika fasihi yetu mama huyo ameandikwa mara nyingi kwa jina moja tu, mmbeya.

Na sasa nifike kwa yule aliyenifanya niandike makala hii. Hapa Tanga, mtaa wetu wa Ngamiani, yupo mama mtu mzima ambaye pamoja na kuuza vitumbua huitwa kuosha maiti za wanawake. Jina lake nitalificha, naye hana haja nalo humu. Kazi yake ina vitu vyake: majani ya mkunazi, karafuu maiti, pamba, marashi, ndoo mbili, na nguo tano za sanda kwa mwanamke wakati mwanamume anatosheka na tatu. Anaingia na wenzake wawili, mlango unafungwa, na kwa muda wa saa nzima wanaume wote waliojaa barazani, masheikh na matajiri, wanamngoja yeye. Hakuna wa kumharakisha.

Siku moja nilimwuliza, kwa udadisi wangu wa kuandika, ni maiti gani ilimsumbua zaidi. Alikaa kimya kidogo akigeuza vitumbua. Kisha akasema kuna mwanamke kijana aliletewa akiambiwa ameanguka bafuni. Alipomvua aliona alama za siku nyingi, za zamani juu ya za karibuni, mgongoni na mapajani, mahali ambapo mtu haangukii. Na mwosha maiti ana amri: alichokiona kwa maiti kibaya akisitiri. Hiyo ndiyo adabu yake na ndiyo thawabu yake. Wenzake wawili walimtazama yeye kama mkubwa wao. Nje, mume alikuwa analia kwa sauti, na jeneza limekwisha fika.

Nikamwuliza, ukafanyaje? Akaniambia, "Mwanangu, nilijiuliza aibu hii ni ya nani. Kama ni ya maiti, nisitiri. Nikaona si yake." Alitoka akamwita mama mzazi wa marehemu aingie atazame kabla ya sanda. Basi. Hakupiga kelele, hakwenda polisi yeye. Mama mzazi alitazama. Kilichofuata, mazishi kuahirishwa, ndugu kugawanyika makundi mawili, watu kuacha kununua vitumbua vyake kwa muda mrefu na wengine kusema kwamba mikono yake haina sitara wasimwite tena, hayo yote alinisimulia kwa maneno machache kuliko niliyoyatumia mimi hapa.

Sasa niambieni ninyi mnaosema fasihi yetu imeishiwa na visa. Katika saa moja ndani ya chumba kimoja mna dini, mna sheria, mna ujirani, mna riziki ya mtu, mna wajibu mbili zinazovutana na zote ni za haki. Mwanamke huyu ni kiongozi. Hakuchaguliwa, hana muhuri, lakini wakati ule neno lake lilikuwa kubwa kuliko la imamu aliyeko nje, kwa sababu imamu hana ruhusa ya kuingia. Purdah hiyo hiyo ambayo riwaya zetu zinaichora kama gereza tu ndiyo iliyompa chumba chake cha mamlaka. Mwandishi asiyeujua utaratibu wa kuosha maiti hawezi kuiandika saa hiyo. Ataandika "wanawake waliingia kumwosha" kisha atarudi barazani kwa wanaume, ambako hapana kinachotokea.

Nimeshasikia jibu la baadhi yenu: huyu anataka tuwapake akina mama rangi ya malaika. La hasha. Malaika hana riwaya. Nimekulia miguuni mwa wanawake hawa na najua makali yao. Kijumbe wa upatu anaweza kumwaibisha mtu mbele ya watoto wake kwa shilingi elfu mbili. Kwenye kikoba lile sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, na mpango huo haukutokana na kuaminiana. Chama cha kufa na kuzikana kikimfuta mwanamke kwa sababu hakuchanga miezi mitatu, siku ya msiba wake sufuria hazitoki. Nimeona. Sufuria zimejaa stoo na mwenye ufunguo amekwenda kulala mapema. Katika vyama vya zamani vya lelemama mtu aliulizwa ametoka ukoo gani, muungwana au mzalia, na jibu lilijua pa kumkalisha. Msichana aliyepata mimba chuoni, yule mwalimu mwanamke mpole wa Kurani ndiye anayekuwa wa kwanza kumtoa mstarini. Mikono ile ile inayomfungulia mtu mlango ndiyo inayojua kuufunga, na mwandishi akituonyesha mkono mmoja tu atakuwa ametudanganya kama wale wa maigizo ya uwanjani.

Nawatetea wakubwa zangu kwa jambo moja. Said Ahmed Mohamed na Shafi ni wanaume. Barazani walikaribishwa, jikoni na kwenye chumba cha maiti hawakukaribishwa, na walichokiona kwa dirisha walikiandika vizuri kuliko wengi. Sisi wasichana tunaoandika hatuna utetezi huo. Tumebeba ndoo hizo. Tumetumwa kwenda kukusanya mchango na kurudi na majina ya wasiotoa. Tumelala matanga tukasikia, usiku taa zikishazimwa, nani anamwambia nani kuhusu mirathi na nani anamshauri mjane asitie kidole gumba kwenye karatasi la shemeji kabla eda haijaisha. Halafu tukishika kalamu tunaandika habari za msichana wa Masaki mwenye gari jekundu, ambaye hatujawahi hata kumwona akishuka.

Mwenzangu mmoja wa kikundi chetu cha waandishi, kijana mwerevu tu, alipozisoma sura zangu mbili alisema kazi ni nzuri lakini haina mapenzi. Alitaka niweke mchumba. Nilimwambia nitafikiri, na kweli nilifikiri kwa wiki nzima, na jibu langu ni hili. Yule mama muuza vitumbua alijinunulia sanda yake mwenyewe zamani, akaikunja, akaifukiza udi, akaiweka chini ya nguo zake kabatini, ili siku yake asisumbue mtu. Akafa jirani ambaye hakuwa na kitu wala ndugu wa karibu. Akaitoa. Akanunua nyingine kwa fedha za vitumbua, ikakaa miaka kadhaa, nayo ikaondoka kwa mwanamke mwingine, ambaye ni miongoni mwa wale walioacha kununua vitumbua vyake. Ya tatu ameinunua mwaka huu, mwezi wa Shaabani. Aliniita nimsaidie kuipima, kwa sababu macho yake siku hizi hayaoni vizuri alama za mita.